Nyumba ya Kimweri Huko Vuga na Wenyewe Waliopita

Muhula uliopita, nilipokuwa nikifundisha Kidato cha Tatu habari za karne ya kumi na tisa, tulitazama picha ya Osborne, nyumba ya Malkia Victoria wa Uingereza iliyoko katika kisiwa cha Wight. Ni nyumba kubwa yenye minara miwili, na ujenzi wake ulianza mwaka 1845 ukaisha mwaka 1851. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, na sisi huku Shambaai wakati ule tulikuwa tukikaa wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana niliona kwamba kijana yule aliuliza kwa haki kabisa. Alikuwa ameonyeshwa nyumba ya watu wa mbali, chumba kwa chumba, na ya kwao hakuonyeshwa hata moja. Asiyeonyeshwa kitu atadhani hakikuwako.

Siku ile kengele ililia kabla sijamjibu vizuri. Basi jibu langu ndilo hili, na kwa kuwa linawahusu hata wazazi wetu, nimemwomba Mhariri alipe nafasi katika gazeti la shule.

Malkia Victoria alitawala tangu mwaka 1837 hata mwaka 1901. Katika zama hizo hizo, mfalme wa Shambaai alikuwa na nyumba yake Vuga, katika milima hii hii yetu. Leo Vuga ni kata katika Halmashauri ya Bumbuli, kama ilivyo Mponde. Nyumba ninayotaka kuisimulia haipo tena. Mtu akienda kuitafuta hataona hata nguzo moja. Lakini habari zake zipo, na wenyewe waliopita humo tunawajua kwa majina.

Kila mtoto wa Kishambaa amesikia hadithi ya Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ngulu, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, na njiani akielekea Vuga akamwua simba. Watu wa Vuga wakamkubali awe mkubwa wao, na tangu hapo wafalme wa ukoo wake, yaani Wakilindi, wakaitwa Simba. Sitairudia hadithi yote, maana mabibi wanaisimulia vizuri kuliko mimi. Ninalotaka mlishike ni neno moja tu: Mbegha hakuja na nyumba yake mgongoni. Nyumba alijengewa.

Mjukuu wa ukoo huo ambaye habari zake ni nyingi zaidi ni Kimweri, aliyekufa mwaka 1862 akiwa mzee sana. Wenyewe humwita Kimweri ye Nyumbai. Wasiojua Kishambaa wafahamu kwamba "nyumbai" ni "nyumbani". Mfalme mkubwa kuliko wote waliotawala milima hii, ambaye nguvu zake zilifika hata pwani ya Tanga na Pangani, amekumbukwa kwa jina la nyumba. Wala si ajabu. Yeye alikaa Vuga, na nchi aliwagawia wanawe waitawale, huyu huku na huyu kule, na kodi ikapanda mlima kumfuata alipo.

Sasa nyumba yenyewe ilikuwaje? Ilikuwa ya msonge, ya mviringo, imejengwa kwa nguzo na fito na kuezekwa kwa nyasi. Mji wote wa Vuga ulikuwa wa nyumba za namna hiyo, na ukitazamwa kutoka mbali ulifanana na malundo ya majani makavu. Ndani nyumba iligawanywa: pa kulala, pa kupikia, na pa kuwekea vitu. Moto haukuzimika, na moshi uliopenya katika paa ulizuia wadudu wasile nyasi. Mfalme alikuwa na wake wengi mno, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake na shamba lake. Hivyo tukisema "nyumba ya mfalme" tusifikiri jengo moja; ni mji mzima wa nyumba, na mwenye mji ni mmoja.

Nyumba ya nyasi haikai miaka mia. Paa huoza, nguzo huliwa na mchwa, fito hulegea. Lazima iezekwe tena na tena, na baada ya miaka ijengwe upya. Nani alifanya kazi hiyo? Raia. Kulima mashamba ya mfalme na kuleta nguzo, fito na nyasi za kujengea kulikuwa sehemu ya kodi ya nchi. Jambo hili nimelifikiri sana, na naona kwamba hapo ndipo nyumba ya Vuga ilipokuwa tofauti na ile ya Osborne. Ile ya matofali, ukiisha kuijenga, itasimama hata kama watu wamekuchoka. Ile ya Vuga ilitaka watu wakubali kila mwaka. Kila mzigo wa nyasi uliopandishwa mlimani ulikuwa kama kusema, "Bado wewe ni Simba wetu."

Na raia hawakukubali bure. Wazee wa Kishambaa wana maneno mawili ya zamani: "kuzifya shi", yaani kuitengeneza nchi ipone, na "kubana shi", yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu aliye peke yake huiponya nchi, mvua ikanyesha na ndizi zikazaa. Wakiwa wawili wanaoshindana, ni nguvu kwa nguvu, na nchi huharibika, njaa ikaingia. Kwa hiyo aliyepeleka nyasi Vuga alikuwa akitafuta mvua ya shamba lake mwenyewe.

Tuje kwa mashahidi. Katika somo la historia hatuulizi tu "alisema nini?" bali pia "alikuwa nani, na alitaka nini?" Wageni wawili waliomwona Kimweri na kuandika ni Krapf na Burton.

Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alifika kwa Kimweri mwaka 1848, na mara ya pili mwaka 1852. Alikuja kuomba ruhusa ya kufundisha dini. Alimkuta mfalme anayeheshimiwa na kuogopwa, na nchi yenye amri, na akaandika hivyo. Lakini kumbukeni kwamba mtu aombaye mlango hupenda kuamini kwamba mwenye nyumba ana uwezo wa kuufungua.

Richard Burton alikuja Februari mwaka 1857 pamoja na mwenzake Speke, kabla hawajaenda kutafuta maziwa makuu ya bara. Hao hawakuruhusiwa kulala mjini. Walizungushwa nje ya Vuga mpaka kwenye vibanda vilivyochakaa, vilivyowekwa kwa ajili ya wageni, wakangoja hapo mpaka waitwe. Walipoingia kwa mfalme walimkuta amelala kitandani, mzee sana, amekonda kwa ugonjwa, meno yamekwisha, amevaa kofia kuukuu. Burton aliona kwamba nyumba ile ilikuwa kama ya mkulima yeyote, illa ilijaa wakubwa wa nchi, wengine wakimpepea mfalme, wengine wakizungumza na kuvuta viko vyao virefu. Kimweri alisikia kwamba mgeni ni mganga wa Kizungu, akamtaka dawa ya kumrudishia afya na nguvu. Burton hakuwa na dawa ya namna hiyo.

Burton aliandika hayo kwa dharau, kama ilivyokuwa desturi yake alipoandika juu ya Waafrika. Lakini mimi nikisoma maneno yake naona asichokiona yeye. Aliona nyumba kama ya mkulima, akaihesabu kuwa aibu ya mfalme. Hakujiuliza: ikiwa nyumba ni ya kawaida na mwenyewe ni mgonjwa hajiwezi, ni kitu gani kilichowaleta wakubwa wote wale wakae humo na moshi, wakimpepea? Si ukuta wala si bunduki. Kitu hicho kilikuwako ndani ya nyumba ile, naye alikuwa amekaa katikati yake.

Shahidi wa tatu ni Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, mtu wa pwani aliyeishi miaka mingi kati ya Wakilindi. Aliandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, kikachapwa na misheni ya Magila kwa sehemu, kuanzia mwaka 1895 hata mwaka 1907, na mwaka 1962 kikatolewa tena. Kwa habari za ndani ya nyumba, nani alikuwa mke wa nani, mtoto gani alimchukia yupi, hakuna anayemfikia. Lakini yeye naye alikuwa na upande: alikuwa karibu sana na Semboja, ambaye tutamwona sasa hivi. Msomeni kwa furaha, illa msisahau alikuwa akila sahani ya nani.

Hapa lazima nieleze maana ya pili ya neno "nyumba". Mwanamume mwenye wake watatu ana nyumba tatu. Watoto wa mama mmoja ni nyumba moja. Hushirikiana mashamba na mifugo, na huwatazama watoto wa nyumba nyingine kwa jicho la pembeni. Wengi wenu mnayajua haya kwa baba zenu na babu zenu. Basi fikirini mfalme mwenye wake wengi hivyo, na kila mama ana wanawe, na wengine wamekwisha pewa nchi za kutawala. Maadamu Kimweri yu hai, nyumba zote ni moja. Akifa, je?

Kimweri alikuwa amemweka Mnkande kuwa mrithi, lakini Mnkande alikufa kabla ya baba yake. Hivyo mwaka 1862 aliyeingia Vuga alikuwa mjukuu, Shekulwavu mwana wa Mnkande. Ndipo wale wana wa Kimweri waliokuwa wakitawala nchi zao walipotakiwa kumwinamia mtoto wa ndugu yao. Wengine waliona vigumu, na aliyeona vigumu kuliko wote ni Semboja.

Semboja hakukaa mlimani. Alikaa Mazinde, chini kwenye nyika, katika njia ya misafara inayofuata mto Pangani kwenda bara. Kule zilipita pembe za ndovu na watumwa, na kule zilipatikana bunduki na baruti. Kimweri ye Nyumbai alitawala kwa kodi iliyopanda mlima. Semboja alitajirika kwa biashara iliyopita chini ya mlima. Alivaa mavazi ya watu wa pwani na alijua mambo ya pwani. Yapata mwaka 1868 alikusanya watu wake pamoja na wapiganaji wa Kitaita, akapanda, akaichoma Vuga moto.

Mtu akichoma nyumba ya nyasi kazi haichukui muda. Mji uliojengwa na kuezekwa na watu wa nchi nzima uliteketea, na Shekulwavu akakimbia, wala hakukaa sana akafa. Wabondei nao wakaondoka wakawapiga Wakilindi waliokuwa wakiwatawala, wakajitoa.

Vuga ilijengwa tena, na Semboja akamweka humo mwanawe Kimweri Maguvu, mtoto mdogo. Yeye mwenyewe alibaki Mazinde. Sasa angalieni: nyumba ipo, mfalme yumo, jina ni Kimweri kama zamani, lakini nguvu hazimo. Kwa nini Semboja hakuhamia Vuga mwenyewe? Waandishi hutaja biashara yake, na ni kweli. Lakini kwa nini basi alisumbuka kumweka mtoto pale, kama mahali pale hapakuwa na maana tena? Nadhani alijua kwamba anaweza kuichoma nyumba, lakini hawezi kuwafanya watu wapeleke nyasi Mazinde kwa mapenzi yao. Hilo ni wazo langu, na asiyekubali aniandikie muhula ujao.

Upande wa pili, ndugu zake Shekulwavu, Kibanga akiwa mmoja wao, waliendelea kupigana. Ikawa nguvu kwa nguvu, kwa miaka mingi. Machifu wakashambulia vijiji wapate watu wa kuuza pwani, na kwa fedha hiyo wakanunua baruti ya kushambulia vijiji vingine. Mtu aliyeonewa zamani angeweza kupanda Vuga kushitaki. Sasa angekwenda kwa nani?

Hapa naomba ruhusa niseme la kwetu. Bibi yangu mzaa baba, aliyefariki nikiwa mwalimu mpya, alitusimulia kwamba bibi yake yeye alikuwa na dada mkubwa. Msichana yule alikuwa amepewa kazi ya kuwinga ndege shambani, asubuhi, ng'ambo ya mto. Watu wakaja. Mdogo wake alikuwa amejificha katika migomba akawaona wakimchukua, na kikapu chake kikabaki pale pale. Walisikia baadaye kwamba alipitishwa njia ya Pangani. Bibi alipokuwa akisimulia hakutaja Semboja wala Kibanga, hakujua au hakujali watu wale walikuwa wa nani. Alisema tu, "Ilikuwa wakati Vuga haina mtu." Nilipokuwa mdogo nilifikiri maana yake ni kwamba mji ulikuwa mtupu. Nilipokuja kusoma nikajua kwamba wakati wote ule Vuga ilikuwa na mfalme ndani.

Yaliyobaki nitayapita upesi. Kimweri Maguvu alikufa mwaka 1893, akafuata Mputa, wa upande huo huo wa Semboja. Lakini Wajerumani walikuwa wamekwisha ingia nchini, na mwaka 1895 wakamnyonga. Semboja naye alikufa mwaka huo. Wajerumani wakamweka Kinyashi, mwana wa yule Shekulwavu aliyefukuzwa kwa moto. Mtoto akarudi katika mji wa baba yake, lakini aliyemfungulia mlango alikuwa mgeni, na mgeni yule alikuwa akijenga makao yake Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, na reli yake ikipanda kutoka Tanga hata ikafika Mombo mwaka 1905. Kodi haikupanda tena Vuga kwa ajili ya mvua. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel nao walijenga kituo Vuga, na baadaye kukawa na kiwanda cha kupiga chapa, ambacho vitabu vyake vya Kiswahili vimesomwa na wazee wetu wengi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza nao walitawala kwa kuwatumia Wakilindi, mpaka uhuru. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikaondoa utawala wa machifu.

Osborne bado ipo. Malkia Victoria alifia humo Januari mwaka 1901, na mwanawe, Mfalme Edward wa Saba, hakuitaka, akaitoa kwa taifa mwaka 1902. Watu hulipa kiingilio wakaiona. Nyumba iliyokataliwa na mrithi wake imesimama, na ile iliyogombewa na warithi wote imeteketea.

Mwezi Agosti niliwachukua wanafunzi kumi na wawili wa Kidato cha Tatu tukaenda Vuga, kwa ruhusa ya wazazi. Kila mmoja alikuwa na daftari. Niliwaagiza wasiulize "mfalme alikuwa nani?" maana hilo limo vitabuni, bali waulize: watu wa kwenu walileta nini Vuga, na nani aliwasimulieni? Mzee mmoja aliwajibu kwa kutaja miti, mti huu wa nguzo, huu wa fito, kamba hii kutoka wapi. Alitaja upesi mno hata waandishi wangu wakalemewa, ikawabidi wamwombe aanze tena. Majina mengine ya miti hawakuyajua, nami sikuyajua. Tuliyaandika kama tulivyoyasikia, na daftari zote sasa zimo katika kabati la maktaba. Mzazi aliye na jina la mti au habari ya mtu wa kwake aliyejenga Vuga anaombwa amwambie mwanawe ailete.

Njiani tukirudi, yule kijana wa swali la kwanza aliniuliza kama dada wa bibi yule alipata kujulikana alikoishia. Nikamwambia hapana. Akauliza jina lake. Nikamtajia, akashituka akanitazama, kwa sababu ni jina la binti yangu, ambaye anasoma naye darasa moja.